Kundi la ukoo wa Walukuba, Jinja, Uganda: Mama yuko Brussels

Ssenga (shangazi) Rehema: Asalaam alaikum Mama Zaituni. Mlifika salama? Mtoto wetu Zaituni hajambo? Samli yangu ameionja?

Mama Zaituni: Wa alaikum salaam wifi. Tulifika, alhamdulillahi. Samli ilibaki Jinja, usinikasirikie. Ulaya msafiri haingii na nyama wala kitu cha maziwa. Mukene mkavu, yaani dagaa, ulipita, na matooke pia.

Hamisi: Mama, unakula nini huko?

Mama Zaituni: Kila kitu mwanangu. Kuna mtaa unaitwa Matonge, wa Wakongo. Sombe (kisamvu) iko, mihogo iko, na Kiswahili nimekisikia dukani.

Ssenga Rehema: Wifi, leo nauliza wazi. Kazi yenyewe ni ipi? Mtu mzima acheze ngoma mchana kutwa, jioni ale nini?

Mama Zaituni: Nimeshinda naye ukumbini, kwa hiyo nasema nilichokiona. Saa nne asubuhi wanaanza kunyoosha viungo. Saa kumi na mbili jioni bado wanarudia hatua ile ile, mwalimu anasema tena, tena. Usiku anaweka barafu kwenye magoti. Hiyo ni kazi wifi, kama kulima.

Mama Zaituni: Pesa: ana mkataba wa miezi, ukiisha anatafuta mwingine. Katikati, msanii aliyetimiza masharti ya Ubelgiji hupata posho ya serikali. Kodi ya nyumba analipa mwenyewe.

Ssenga Rehema: Na nguo?

Mama Zaituni: Suruali na fulana. Miguu mitupu.

Ssenga Rehema: Haya.

Hamisi: Onyesho la jana je??

Mama Zaituni: Ngoja niwaeleze vizuri. Wachezaji watano. Kila mmoja ana mwendo mmoja tu: huyu bega, yule kisigino, Zaituni kiuno. Mmoja akiumaliza wake, mwingine anadaka papo hapo, mpaka unaona kama mwili mmoja unazunguka ukumbi mzima. Nikajiambia, hii naijua. Hii ni bigwala, ngoma yetu Wasoga!

Hamisi: Ndiyo yenyewe! Kila kibuyu kina sauti moja, wapulizaji watano au zaidi wanapokezana mpaka wimbo unatoka. UNESCO iliiweka mwaka 2012 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, kwa sababu wazee wanaoijua walibaki wachache sana.

Mama Zaituni: Na kile kiuno ni cha tamenhaibuga, ngoma yetu nyingine, hakuna mahali pengine kinatoka. Wazungu walikaa kimya kabisa mpaka mwisho, halafu wakasimama kupiga makofi. Mimi nilipiga vigelegele, sikuweza kujizuia.

Baba Zaituni: Nani alimfundisha hayo? Si sisi.

Mama Zaituni: Mama yako, Baba Zaituni. Pale uani, kila palipokuwa na harusi. Wewe ulikuwa zamu kiwandani.

Ssenga Rehema: Mama?

Mama Zaituni: Mama yenu. Zaituni ameniambia kila akifanya mazoezi anamsikia akimwambia "mabega yatulie".

Ssenga Rehema: Wallahi hayo ni maneno yake. Hata mimi aliniambia hivyo, akinifunga leso kiunoni. Wifi, kwa nini mtoto hakutuambia?

Mama Zaituni: Anasema kila akipiga simu anaulizwa ataolewa lini.

Baba Zaituni: Mwambie nataka kuona video.

Hamisi: Baba, naileta jioni. Dada alinitumia tangu jana.

Ssenga Rehema: Sikilizeni. Upande wa Iganga kuna mzee bado anapuliza bigwala. Alicheza na Mama zamani.

Hamisi: Ssenga, niende nikamrekodi? Dada atafurahi sana.

Ssenga Rehema: Nenda ukamsalimie kwanza, na usiende mikono mitupu, beba sukari na sabuni. Umwombe ruhusa. Kurekodi baadaye. Zaituni aje akae naye mwenyewe, kiuno hakifundishwi kwenye simu.

Mama Zaituni: Desemba ana mapumziko. Nauli tutasaidiana.

Baba Zaituni: Nusu naitoa mimi.

Ssenga Rehema: Hamisi, twende Jumamosi. Ukienda peke yako hatakufungulia mlango.