Naomba ushauri: jeli ya dapsoni na Septrin vinakwenda pamoja?

Habari zenu wakuu. Natumia jeli ya dapsoni kwa ajili ya chunusi, pamoja na benzoili peroksaidi. Nikizipaka zikafuatana, nyusi na ngozi ya hapo karibu hugeuka njano kama nimejipaka manjano. Hiyo hutokea na hupotea yenyewe, kwa hiyo hainisumbui sana.

Kinachonipa wasiwasi ni Septrin niliyoandikiwa juzi kwa ajili ya UTI. Trimethoprimu iliyomo ndani yake hupandisha kiwango cha dapsoni kwenye damu, na dapsoni ikizidi inaweza kuvunja chembe nyekundu au kuzifanya zishindwe kubeba oksijeni, hasa kwa mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu). Mimi sijawahi kupimwa G6PD. Najua jeli huingia mwilini kidogo mno ukilinganisha na kidonge, lakini inaingia.

Wafamasia mliomo humu, nisimamishe jeli mpaka nimalize dozi, au niombe antibayotiki nyingine? Na zaidi ya midomo kuwa ya bluu, kuhema na mkojo kuwa wa kahawia, dalili gani nyingine ya kunikimbiza hospitali?