Timu ya wilaya hupandaje hadi Ligi Kuu ya Uganda, na je, wasichana wana njia yao?

Mlezi_Arua aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Hapa Arua ninalea timu ya vijana inayocheza ligi ya wilaya, na sasa wasichana ambao kwa muda mrefu wamekuwa wakifanya mazoezi pembeni ya uwanja wetu wameomba wasajiliwe kama timu rasmi. Wazazi wananiuliza maswali ambayo ningependa kuyajibu kwa uhakika. Timu inayoanzia chini kabisa hupita madaraja yapi hadi kufika Ligi Kuu? Wasichana watapita njia hiyo hiyo, au wana yao? Naomba pia mnieleze ni daraja lipi huwashinda wengi, kwa kuwa sitaki kuwaahidi watoto jambo nisilolielewa.

Refa_Mstaafu alijibu:

Ndugu Mlezi, nianze na wanaume. Juu kabisa ipo Ligi Kuu yenye timu 16. Chini yake ipo FUFA Big League (FUFA ni shirikisho la soka la Uganda), iliyoanza mwaka 2009, na chini ya hiyo zipo ligi za kanda, ambazo FUFA imezigawa katika kanda nane: Kampala, Buganda, Mashariki, Kaskazini Mashariki, Kaskazini, West Nile, Kitara na Magharibi. Ligi za wilaya, mlipo ninyi, ndizo msingi wa yote hayo. Bingwa wa wilaya hutafuta nafasi ya kuingia kanda, na bingwa wa kanda hukutana na wenzake wa kanda nyingine katika mchujo wa kuwania Big League.

Uniulize ni wapi timu huanguka, nami nitakuambia ni pale zinapotoka kanda kuingia Big League. Katika kanda, safari ndefu kuliko zote bado ni safari ya kwenda na kurudi siku moja. Ukishapanda, ratiba inaweza kukutoa Arua hadi Kampala, karibu kilomita 500, kisha wiki ifuatayo ikupeleke mashariki ya nchi, na kila safari ina nauli ya basi, malazi na chakula cha kikosi kizima. Kwa miaka mingi Big League iligawanywa katika makundi mawili, Elgon na Rwenzori, jambo lililopunguza mwendo kidogo. Baadaye yakaunganishwa kuwa ligi moja. Kimashindano naona ulikuwa uamuzi sahihi, kwa sababu kila timu hukutana na kila timu, lakini mzigo wa usafiri umewaangukia walio mbali na Kampala.

Hata hivyo wanaostahimili hufika, na wengine hufika wakiwa na nguvu kweli kweli. Klabu za NEC na Kitara ya Hoima zilipanda Ligi Kuu pamoja mwaka 2023, na mwaka uliofuata hao hao wakakutana katika fainali ya Kombe la Uganda, Kitara wakalitwaa. Mwaka 2019 Proline walilichukua kombe hilo wakiwa bado timu ya Big League, na likawafungulia mlango wa mashindano ya Afrika. Wewe uliye Arua huhitaji mfano wa mbali: Onduparaka walipanda Ligi Kuu mwaka 2016 wakijaza uwanja wa Green Light, na mwaka 2023 wakashuka. Nawataja kwa heshima, kwa sababu walikuwa na mashabiki ambao klabu nyingi za Kampala zingewatamani, na bado mashabiki hao hawakutosha kuwabakiza.

Meneja_Soroti alijibu:

Mzee Refa amelieleza vizuri la wanaume, kwa hiyo nitazungumzia wasichana tu, kwani njia yao ni nyingine na ni fupi zaidi. Ligi ya taifa ya wanawake, FUFA Women Elite League, ilianza msimu wa 2014/15 ikiwa na makundi mawili, Elizabeth na Victoria. Msimu wa 2019/20 ikaanzishwa Women Super League juu yake, na Elite League ikawa daraja la pili. Daraja la tatu ni ligi za wanawake za kanda. Kwa maana hiyo, timu inayoanzia kanda iko madaraja mawili tu chini ya ligi ya juu kabisa.

Ila ufupi huo usikudanganye, ndugu yangu. Soka ya wanawake nchini imejengwa juu ya shule na vyuo: Kawempe Muslim, Rines, Uganda Martyrs Lubaga, Olila ya hapa kwetu Soroti, UCU ya Mukono. Shule humpa binti kitanda, chakula, uwanja na mwalimu anayemjua, vitu ambavyo timu ya mtaani haiwezi kuvigharimia, na ndiyo maana siwalaumu wanaozitegemea. Taabu huanza shule zinapofungwa. Katika timu ninayoisimamia, mechi ya ligi ilipangwa Jumamosi baada ya muhula kuisha. Wasichana walikuwa wametawanyika vijijini, wengine simu zao hazipatikani, na tukaingia uwanjani tukiwa tisa. Kipa wetu wa akiba alicheza beki wa kushoto. Tulifungwa, lakini kilichoniumiza zaidi ni kwamba ratiba ile ilipangwa bila mtu yeyote kuangalia kalenda ya masomo.

Mlezi_Arua aliandika:

Nawashukuru sana, Mzee na Meneja. Wasichana wetu wengi ni wanafunzi wa sekondari tofauti. Je, nisubiri shule moja iwachukue wote, au nisajili klabu?

Meneja_Soroti alijibu:

Sajili klabu, usisubiri. Wakiwa chini ya shule moja, siku mwalimu mkuu atakapohamishwa timu inaweza kufa. Nenda kwanza kwenye chama cha soka cha wilaya, kisha kwenye ofisi ya kanda, uulize dirisha la usajili linafunguliwa lini na ada ni kiasi gani. Wachezaji husajiliwa kupitia FUFA Connect, mfumo wa usajili wa mtandaoni, kwa hiyo anza mapema kukusanya picha na vyeti vya kuzaliwa, kwa kuwa cheti cha mtoto mmoja kinaweza kukuchelewesha wiki nzima. Andikiana na kila shule ruhusa ya siku za mechi, na mzazi atie sahihi pia.

Refa_Mstaafu alijibu:

Naongeza moja tu. Siku ya mechi kamishna wa mchezo hukagua leseni za wachezaji moja moja akilinganisha picha na sura. Mpe mtu mmoja makini kazi ya kutunza leseni hizo, na asiwe kocha, kwa sababu saa hiyo kocha ana wachezaji wa kupasha misuli.