Nimepigwa mchana kweupe hapa Tanga: oili ya "fuli sinthetiki" ya kubana mafuta asilimia 30

Wakuu habari zenu. Naandika huu uzi nikiwa na hasira, nikivuka mpaka mnisamehe. Duka silitaji, fundi simtaji. Wa Tanga mtajaza wenyewe.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nakaa Sahare, nafundisha mbele kidogo ya Muheza, kwenda na kurudi ni kama kilomita 80 kila siku ya kazi. Usafiri wangu ni Toyota IST ya cc 1,300, ya mwaka 2003. Sina makuu, ila nina ugonjwa mmoja: kila nikijaza petroli naandika kwenye kaunta buku. Najaza kituo kilekile, pampu ileile, hadi ijikate yenyewe, nagawa kilomita kwa lita. Mama watoto anasema lile daftari nalipenda kuliko vyeti vya ndoa. Sasa lile daftari ndilo shahidi wangu.

Gari tangu nalinunua natia 5W-30 ya kawaida. Sikujichagulia. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna kistika Wajapani walikibandika walipomwaga oili mara ya mwisho kabla halijapanda meli. Kimepauka, maandishi yote ni ya kwao, kitu pekee ninachoweza kusoma ni 5W-30. Nikasema basi, waliolitengeneza wanajua kuliko mimi.

Mwezi juzi nimempelekea fundi wangu gari, kamwaga oili chafu, kafungua filta, kisha ananiambia nisinunue oili nilikozoea, niende duka fulani Ngamiani nimwambie jamaa "nimetumwa na fulani". Hapo tu ningeshtuka. Ukisikia "mwambie nimekutuma" ujue kuna mtu anakula cha juu. Lakini gari liko juu ya jeki, halina oili hata tone, na mimi saa nane nina kikao cha wazazi.

Nimefika, kijana mwenye adabu kabisa. "Mwalimu shikamoo." Marahaba. "Mwalimu bado unatia zile oili za kizamani? Watu wameshahama." Ananionyesha ukutani karatasi ya A4, maandishi mekundu ya printa iliyoishiwa wino: OKOA MAFUTA 30%. Anasema kuna mtu wa Noah kutoka Lushoto alitia, sasa kila akishuka anamletea peasi za shukrani. Galoni la lita nne ni 145,000. Ile niliyozoea ni 55,000.

Nikafanya hesabu palepale kichwani, na hapa ndipo ninapojichukia. Kilomita 1,760 kwa mwezi, gari linakwenda kilomita 14 kwa lita, hiyo ni kama lita 126. Tuchukue petroli 3,000 iwe namba nzima, ni 377,000. Asilimia 30 ya hapo ni zaidi ya laki na kumi kwa mwezi! Nikaona oili inajilipa kabla ya mshahara ujao. Hesabu ilikuwa sahihi wakuu. Kilichokuwa cha uongo ni ile 30, na mimi sikuikagua. Mwanafunzi wangu akinifanyia hivyo namkata maksi.

Risiti nimepewa, imeandikwa "lubricant 4L". Basi. Hakuna jina, hakuna aina.

Matokeo haya hapa. Tenki tatu za mwisho kabla ya hiyo oili: 14.3, 14.0, 14.4. Tenki tatu baada: 13.9, 13.4, 13.7.

Yaani nimelipa nyongeza ya 90,000 ili gari lile mafuta ZAIDI.

Kabla hamjanirukia: najua kipimo changu si cha maabara. Kuna siku mvua ilinyesha, kuna siku nimewapakia walimu wenzangu wawili wenye miili yao, kuna siku nimefunga vioo nikawasha AC toka Pongwe mpaka nyumbani. Tofauti ya namba moja baada ya nukta naweza kuisamehe. Lakini kama oili ingepunguza matumizi kwa asilimia 30 ningetoka 14 niende 20 kwa lita. Hiyo haijifichi nyuma ya mvua. Hapo IST ingekuwa imegeuka haibridi, gari la petroli na umeme, kwa kumwagiwa oili tu.

Nikarudi dukani. Kijana yuleyule, adabu ileile. "Mwalimu ipe muda, injini haijaizoea. Ikifika kilomita elfu tatu utaniletea soda." Injini haijaizoea! Injini ni mtoto anayeachishwa ziwa?

Siku hiyo nimerudi nyumbani nikalitoa lile galoni stoo nikalisoma kwa utulivu, kazi ambayo ningeifanya kabla ya kutoa hela. Mbele kuna picha ya gari la mashindano na maandishi ya dhahabu, Full Synthetic, makubwa kama bango la msiba. Chini kabisa pembeni, saizi ya mchwa: 20W-50.

Nikakaa chini.

Kwa wasiojua, na mimi nilikuwa najua nusunusu: hizo namba ni unene wa oili kwa kipimo cha SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani. Ya kwanza, yenye W, ni ya baridi. 5W hupimwa inavyozunguka kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, 20W kwenye 15 chini ya sifuri. Hata Lushoto mwezi wa saba hatuna baridi hiyo. Namba ya pili ndiyo inayotuhusu zaidi, ni unene injini ikiwa imepata moto, nyuzi 100. Oili ya 30 lazima iangukie kati ya 9.3 na 12.5 kwa kipimo chao. Ya 50 inaanzia 16.3 inakwenda karibu 22. Kwa hiyo kijana aliniuzia uji mzito badala ya uji mwepesi, akaniambia utashuka kooni haraka.

Na ndilo linaloniuma. Oili ikiwa na mchango wowote kwenye mafuta, mchango wake mkubwa unatoka kwenye unene. Pistoni zinapanda na kushuka kwenye silinda, kranki inaelea juu ya utando wa oili, pampu ya oili yenyewe inazungushwa na injini. Oili nzito kuliko iliyokusudiwa, injini inaikoroga kwa nguvu zaidi, na nguvu hiyo umeilipia kituo cha mafuta. Neno "sinthetiki" linakwambia oili ilivyotengenezwa, yaani kwa kemia kiwandani badala ya kusafisha mafuta ghafi tu. Halikwambii ni nyepesi au nzito. Sinthetiki ya 20W-50 ni nzito kuliko ya kawaida ya 5W-30, na dhahabu yote ya pale mbele haibadilishi hilo.

Hata hilo neno lenyewe lina mambo yake. Marekani kule kampuni ya oili ya Mobil iliwalalamikia wenzao wa Castrol kwa kuita sinthetiki oili ambayo msingi wake ni mafuta ghafi yaliyosafishwa sana kwa haidrojeni, na mwaka 1999 chombo chao cha kuamua kesi za matangazo kikasema Castrol wanaweza kuendelea kuiita hivyo. Ujerumani ni wakali zaidi kwenye hilo. Wakubwa wenyewe walishavutana kuhusu maana yake, wewe wa Ngamiani unanibandikia karatasi ya A4.

Sasa ukweli wa kubana mafuta ni upi? Serikali ya Marekani kwenye ushauri wake kwa madereva inasema ukitumia unene ulioelekezwa na mtengenezaji unaweza kupata nafuu ya asilimia 1 hadi 2, na inatoa mfano: injini ya 5W-30 ukiitia 10W-30 unaweza kupoteza hiyo hiyo 1 hadi 2. Moja hadi mbili! Kwa gari langu asilimia 2 ni mita 280 kwa lita. Ni kutoka nyumbani kwangu mpaka kwa muuza mihogo. Daftari langu haliwezi hata kuiona, inamezwa na AC na hao walimu wawili. Kwa mwezi ni kama 7,500. Ukipuliza matairi vizuri unakaribia hapo, na upepo ni hela ndogo.

Wala haiwezekani iwe 30. Zaidi ya nusu ya nguvu iliyomo kwenye petroli inaondoka kama joto, ushahidi ni rejeta na ekzosi, weka mkono kama unabisha. Inayobaki inasukuma upepo, matairi, breki zinaila, na msuguano wa ndani ya injini unachukua fungu lake. Oili inagusa hilo fungu tu, na haliondoi, inalipunguza. Huwezi kuokoa asilimia 30 kwenye mfuko usio na 30.

Nimerudi mara ya tatu na kistika cha Wajapani nimekipiga picha. Safari hii kijana kaniambia, "Hizo namba ni za nchi za baridi, mwalimu. Huku kwetu joto, oili nyepesi inaungua." Kuna chembe ya ukweli imetumika vibaya hapo. Magari yaliyochoka yanayokula oili mafundi huyatia nzito kidogo, sikatai, na kuna magari ambayo kitabu chake kinaruhusu nzito kwenye joto. Lakini kama ndivyo, useme unaniuzia oili ya kulinda injini chakavu. Usiniambie inabana mafuta. Nimemwonyesha pia lile duara la API, taasisi ya petroli ya Marekani, katikati yake unaandikwa unene na chini, kwa oili zilizofaulu kipimo cha kubana mafuta, yanaandikwa maneno "Resource Conserving". Kwenye galoni langu chini ya duara kuna weupe mtupu. Na haikuwa bahati mbaya: alama hiyo haitolewi kabisa kwa 20W-50. Kijana kaniangalia, kasema, "Mwalimu wewe unasoma sana." Hela? "Oili ikishaingia kwenye injini hairudi." Hilo nalo kweli, ni kama uji ulioingia tumboni.

Kwa ubishi wangu nimeimwaga ikiwa na kilomita 1,500 tu, nikanunua kwingine sinthetiki ya kweli ya 5W-30, shilingi 130,000. (Mama watoto hajui bei. Kama upo humu, ni ya mwenzangu.) Tenki mbili: 14.2, 14.4. Yaani nimerudi palepale nilipokuwa na ile ya 55,000. Unene ule ule, ulaji ule ule, angalau kwa macho ya daftari langu.

Nisionekane natukana sinthetiki. Ina faida zake: inastahimili joto, haichachi haraka, haiachi matope ndani ya injini, asubuhi inafika juu ya valvu upesi. Kama kitabu cha gari kinaruhusu uende nayo kilomita 10,000 badala ya 5,000, umeruka kumwaga oili mara moja, hapo ndipo hela yako inaanza kurudi. Nimepiga: kwa gari langu kilomita 10,000 ni petroli ya kama milioni mbili na laki moja, tukiipa kwa ukarimu ile asilimia 2 (ingawa daftari langu haikuiona) ni 42,000 na ushee, ongeza 55,000 ya oili ambayo hukuinunua, umefika 97,000. Imefidia nyongeza ya 75,000 (130,000 toa 55,000) ikabakiza ya vitumbua. Hiyo ndiyo biashara halali ya kumweleza mteja. Ila haina maandishi mekundu.

Ninachouliza wadau, hasa mawakili humu: Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumdanganya mteja kuhusu sifa za bidhaa, nimeisoma. Sasa ahadi iko kwenye karatasi ya A4 ukutani, si kwenye galoni, na risiti inasema "lubricant 4L". Picha ya karatasi ninayo. Nikiandika barua Tume ya Ushindani ina mashiko? Au wataniambia niliona 20W-50 nikanyamaza?

Na fundi wangu nimeshamhama. Alinipigia jana, anauliza mbona kimya. Nimemwambia injini haijamzoea.

NYONGEZA: Mnaoniuliza oili iliyobaki iko wapi. Injini ilimeza lita tatu na nusu na kidogo, chini ya galoni ilibaki kama robo. Nimempa jirani yangu muuza madafu, kapaka mnyororo wa baiskeli. Leo asubuhi nimemuuliza kama inabana. Kasema wali anakula sahani ileile.