Kontrola ya breki za tela kwenye Prado: nitoe nyaya au niache?

Dada wa Houston:

Habarini za huko mliko, na shikamooni wakubwa.

Leo nina swali la chuma. Mimi na mwenzangu tunafunga virago taratibu, nyumba ya Nzuguni, Dodoma, imeshaezekwa, na kontena litaondoka miezi michache ijayo. Ndani yake tunataka kuingiza tela letu la ekseli mbili, tulipakie vyombo humohumo. Tela lina breki za umeme. Huko nyumbani tumeshanunua Prado iliyotoka Japani, ya watoto na ya shamba. Kaka yangu alimuuliza fundi mmoja hapo mjini, akajibiwa, "Hizo nyaya zitoeni, huku hatuzitumii." Nitoe au niache? Kama naacha, ninunue nini huku kabla kontena halijapigwa lakiri?

Kaka wa Kisasa, Dodoma:

Marahaba dada, na mbukwenyi wote.

Usitoe hata waya mmoja. Mimi nilimsikiliza fundi wa aina hiyo mwaka niliorudi. Tela langu nalo nilitoka nalo Marekani, kibandiko chake kinasema pauni 7,000, yaani kilo 3,175 pamoja na mzigo, ekseli mbili za pauni 3,500 kila moja. Fundi akafunga taa, waya wa bluu, ule wa breki, akauviringishia tepu, akaniambia tayari mzee, safari njema.

Nikaenda Mafinga kufuata mbao za kenchi. Kwenda hakukuwa na neno, tela tupu linafuata kama mbwa wa nyumbani. Kurudi, tumeshaiacha Iringa nyuma, tukaanza kuteremka mlima wa Nyang'oro kuelekea Mtera. Hapo ndipo nilipojua kuna gari linalovuta na gari linalosukumwa. Niko gia ya pili, injini inalia, na bado kila kona nakanyaga. Kona ya nne au ya tano kanyagio likashuka laini, kama nimekanyaga godoro. Mafuta ya breki yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea, unakanyaga hewa. Nililisimamisha kwa breki ya mkono na gia ya kwanza, nusu gari kwenye changarawe. Mama watoto alishuka na jiwe mkononi bila kuambiwa, akalisukumia mbele ya tairi. Tulikaa pale karibu saa nzima tukinusa breki zetu zinavyoungua. Lori la mahindi likapita, utingo akatupungia: "Poleni wazee wa mbao!"

Kwa hiyo elewa kwanza hicho unachoambiwa utoe. Ndani ya kila dramu ya tela kuna sumaku ya umeme imekaa kwenye mkono wa chuma. Ikipata umeme inang'ang'ania uso wa dramu inayozunguka, inavutwa nayo, ule mkono unatanua brek shuzi, vile vipande vinavyosugua dramu. Umeme kidogo, inashika kidogo. Umeme mwingi, inashika sana. Wa kupima umeme huo na kuupeleka ni kontrola iliyo mbele kwa dereva. Kontrola isipokuwepo, hizo breki ni uzito tu unaoubeba.

Kuifunga si kazi ya kutisha. Yangu ni Tekonsha, ina nyaya nne. Mweusi unaenda kwenye chanya ya betri kupitia fyuzi. Mweupe ni athi, njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri. Mwekundu unaungwa kwenye waya wa swichi ya taa za breki, juu ya kanyagio. Wa bluu unakwenda nyuma kwenye soketi ya tela. Sumaku moja inakula kati ya ampea 3 na 4, na tela lako lina nne, kwa hiyo hesabu 12 mpaka 16. Fyuzi iwe ya 20, na waya mweusi, mweupe na wa bluu ziwe nene. Mimi nimetumia milimita 6 za mraba, nyuzi nyingi. Ukienda duka la vifaa vya ujenzi watakupa waya wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu. Usichukue. Kwenye barabara ya shamba utakatika ndani ya ganda lake bila wewe kuona, na siku utakapouhitaji haupo.

Waya mwekundu ndio uliotutoa jasho. Fundi wangu wa pili (kijana mdogo, mpole, simtaji maana sitaki mnichukulie) alilala chali sakafuni, kisogo kwenye kanyagio la mafuta, tochi ya simu menoni. Anachomeka kitaa cha kupimia, anasema "kanyaga", nakanyaga kwa mkono, "achia", naachia. Waya unaoutaka ni ule usio na moto mpaka ukanyage breki. Kuna mwingine pale una moto saa zote, ukiuunga huo tela linashika breki tangu unapotoka getini. Tulipoupata hatukuukata, tulimenya ganda kidogo, tukauzungushia wetu, tukachoma risasi, tukafunga tepu ya kitambaa. Vile vibanio vya plastiki vya kung'ata waya mimi sivitaki kwenye breki.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo nilipopoteza wiki mbili. Kila kitu kikawa kimefungwa, tukatoka kujaribu, breki zinashika vizuri. Jioni nikawasha taa, breki zikalegea. Nikawasha indiketa ya kulia: tela linashika, linaachia, linashika, linaachia, kwa mdundo uleule wa indiketa! Mama watoto akasema tela lina kwikwi. Tulishuku kontrola, tukashuku sumaku, tukafungua dramu zote nne bure. Kumbe ni athi. Mweupe wa kontrola ulikuwa umebanwa na skrubu kwenye kibati cha dashibodi chenye rangi, na tela lenyewe lilikuwa linarudisha umeme kupitia mpira wa kuvutia, lile tufe la chuma nyuma ya gari linalokaliwa na kichwa cha tela, yaani kupitia grisi na kutu. Taa na breki zote zinagombania njia moja nyembamba. Tukautoa mweupe wa kontrola, tukaupeleka moja kwa moja hasi ya betri. Mweupe wa soketi ya nyuma tukaufunga kwenye chesisi tuliyoipiga msasa mpaka chuma kikang'aa. Kwikwi ikakoma siku hiyohiyo.

Nikimaliza kumwagilia nitaandika habari za taa. Maji ya kisima yanakuja kwa zamu.

Shemeji wa Perth:

Kaka wa Kisasa amesema kweli tupu kuhusu athi. Niongeze la huku Australia. Hapa tela likizidi kilo 750 lazima liwe na breki, likizidi 2,000 breki ziwe magurudumu yote na liwe na kifaa cha kulisimamisha lenyewe likichomoka. Kwa hiyo kontrola zimejaa madukani. Mimi nina REDARC ile ambayo boksi lenyewe linajificha nyuma ya dashibodi na mbele unaona kitufe tu cha kuzungusha. Kwenye Prado ni raha, magoti hayagongi kitu.

Dada, kuna aina mbili, uzijue kabla ya kununua. Moja inahesabu muda: ukikanyaga tu inaanza kupandisha umeme mpaka kiwango ulichoweka, iwe umegusa kidogo au umekanyaga kwa hofu. Nyingine inapima jinsi gari lenyewe linavyopunguza mwendo, na tela linafuata hivyohivyo. Chukua hii ya pili. Lakini kwenye makorongo inaweza kudanganyika na mitikisiko, ndiyo maana yangu ina hali mbili: lami naiachia ipime yenyewe, porini naweka kiwango kwa mkono.

Mdogo wenu wa Birmingham:

Samahani wakubwa, kwa nini msilete tela la huku? Matela yetu mengi hayana umeme wa breki kabisa. Gari likipunguza mwendo, tela linasukuma mbele, fimbo inavuta kebo, breki zinashika. Hakuna waya, hakuna kontrola, hakuna kulala chini ya dashibodi.

Kaka wa Kisasa, Dodoma:

Mdogo wangu, hilo tela lako ni zuri na kwa mtu anayeanza upya ningemshauri alifikirie. Ila dada analo lake tayari, limelipiwa. Halafu lako mpaka lisukume ndipo lishike, hulishiki wewe kwa mkono. Kontrola ina kitufe cha kushika tela peke yake. Siku moja pale Mbande upepo wa basi ulilipiga tela langu, likaanza kucheza kushoto kulia kama mkia wa ng'ombe. Nilibonyeza kile kitufe bila kugusa breki ya gari, likanyooka. Kisha nikasimama nikapanga mzigo upya, maana kosa lilikuwa langu: mifuko ya mbolea niliijaza nyuma. Mbele pale kwenye ndoano pawe na asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote.

Haya, taa. Dada, tela la Marekani kama lako mara nyingi linatumia taa moja kwa breki na indiketa. Prado ya Japani indiketa yake iko mbali na taa ya breki. Ukiunganisha waya kwa waya, utakanyaga breki na indiketa haitaonekana, au askari wa barabarani atakuonyesha kwamba upande mmoja umekufa. Kuna kigeuzi kidogo kinachounganisha mambo hayo mawili, kinauzwa huko kwa bei ndogo. Nunua viwili.

Na ununue soketi ya pini saba ya upande wa gari inayolingana na plagi ya tela lako, pamoja na mpira wa kuvutia. Tazama kichwa cha tela, kimeandikwa. Kama ni inchi 2 na 5/16, ule mpira wa milimita 50 utakaoukuta kwenye magari mengi huku utaingia vizuri sana na utatoka vizuri sana, ukiwa mwendo wa 80.

Vipuri: usinunue sumaku peke yake. Kwa ekseli za pauni 3,500, breki ni za inchi 10, na zinauzwa zikiwa kamili kwenye sahani yake, shuzi, springi na sumaku; unafungua boliti, unafunga nyingine. Kushoto na kulia ni tofauti, chukua moja moja. Beringi zangu ni L44649 na L68149, lakini fungua usome zako. Rimu zenye boliti tano za tela hili mara nyingi zina nafasi ya milimita 114.3, sawa na magari mengi ya Japani, kwa hiyo utashawishika kuazima rimu ya gari dogo. Usifanye hivyo, haikuumbwa kwa mzigo huo.

Kurekebisha: lami kavu, tambarare, mimi nilichagua Jumapili asubuhi watu wako kanisani. Pakia mzigo wako wa kawaida. Endesha kidogo ukishika breki mara kadhaa zipate joto. Kisha mwendo wa 40, bonyeza kile kitufe mpaka mwisho bila kukanyaga kanyagio. Tairi za tela zikikwama na kuburuza, punguza. Zisiposhika vya kutosha, ongeza. Unataka pale chini kidogo ya kuburuza. Ukishusha mzigo wote, punguza tena, la sivyo tela tupu litaburuza tairi na utazinunua mapema.

Kaka wa Dar:

Yote hayo kwa tela la mbao? Watu wanavuta tangu zamani bila hizo kontrola.

Kaka wa Kisasa, Dodoma:

Karibu Nyang'oro kaka. Jiwe la mama watoto bado lipo.

Shemeji wa Perth:

Dada asisahau ile pini ya dharura. Ina kebo nyembamba inayofungwa kwenye gari. Tela likichomoka, pini inatoka, na betri ndogo ya tela inashika breki zote. Betri hiyo ikikaa kwenye kontena miezi miwili bila chaji huenda ikafika imekufa, iandalieni mpya. Kuipima: chomoa kwanza plagi ya tela kwenye gari, usije ukaunguza kontrola, vuta pini, sogeza gari polepole. Tela likiburuzwa, safi. Rudisha pini haraka. Wasiitumie kama breki ya kuegeshea, itamaliza betri na kuchemsha sumaku.

Dada wa Houston:

Asanteni mno. Nimetoka nje na tochi sasa hivi: kichwa kimeandikwa 2 na 5/16. Mume wangu anasema kontrola atainunua kesho, ile inayopima mwendo, na mimi nimeshatenga boksi moja la vipuri niandike juu kwa wino mwekundu, lisije likapangwa chini ya makochi.

Kaka, soketi ya nyuma inahimilije vumbi la Dodoma?

Kaka wa Kisasa, Dodoma:

Kifuniko chake cha springi kililegea mwezi wa nane tu. Nimekata kipande cha kandambili, nikakichonga duara, nakisukumia ndani tela lisipokuwepo. Pini nazipaka grisi ya umeme kidogo.

Dada wa Houston:

Hahaa, kandambili nitawaletea. Halafu kuna jambo: kaka yangu amerudi kwa yule fundi aliyesema tutoe nyaya, akamsomea haya yote. Anaomba kuja kwako aangalie ilivyofungwa.

Kaka wa Kisasa, Dodoma:

Aje Jumamosi, nitakuwepo baada ya saa nne. Mwambie aje na kitaa chake cha kupimia, changu kimekaliwa.