Majani ya Rhodes: jina libaki au litupwe?

Wakuu, kwenye kikao cha wafugaji hapa Tengeru mzee mmoja aligoma. Kasema hataomba tena mbegu za majani haya ya kulishia mifugo dukani kwa jina la Cecil Rhodes, yule mkoloni wa Kiingereza, wakati nchi nzima iliyobebeshwa jina hilo, Rhodesia, ililivua mwaka 1980 ikawa Zimbabwe. Watu walicheka. Mimi niko upande wake, na sababu yangu si siasa tu.

Majani haya ni ya Afrika. Mtaalamu wa mimea, Kunth, aliyaandika kitabuni mwaka 1830 kutokana na sampuli ya Senegal. Rhodes kazaliwa 1853! Alichofanya ni kuyapanda kwenye shamba lake Cape Town miaka ya 1890, basi, yakawa yake. Napendekeza tuyaite "vidole", maana shuke lake limetawanyika kama vidole vya mkono.

MUUZA PEMBEJEO, MOSHI: Mkuu, ukoka nao una vidole. Mteja akija na "vidole" nimpe nini? Mbegu yenyewe ni manyoya matupu, nyepesi hadi watu huichanganya na mchanga au pumba za mbao ndipo ipandike. Huwezi kuitambua kwa kuiangalia kiganjani. Mfuko ukiandikwa jina la kubuni, mkulima atagundua mvua zikishakatika.

MAMA NDAMA, MACHAME: Nepia, yale majani marefu ya ng'ombe, nayo ni jina la kanali mmoja wa Bulawayo, na huku uchagani nani ana habari naye? Tunasema mabingobingo. Bwana mifugo anakuja na nepia yake, anaondoka anasema mabingobingo. Hatukukaa kikao. Mimi robota la hei (majani makavu yaliyofungwa) nalichana katikati: likiwa la kijani ndani na halijakomaa mbegu, nanunua. Likiwa la njano na mabua magumu, lirudi kwenye gari, liitwe lolote.

MUUZA PEMBEJEO: Kama Rhodes anawakera, ombeni kwa jina la kitaalamu, Chloris gayana.

MLETA MADA: Hiyo "gayana" nayo ni ya Mfaransa, Gay. Ila yeye angalau alikuwa mtu wa mimea, hakuteka nchi ya mtu. Mama, hoja yako naikubali nusu: mabingobingo lilishinda kwa sababu lilikuwepo mdomoni. Jina hili la Rhodes tumelipokea pamoja na mfuko wa mbegu, ndiyo maana natafuta jingine. Walioko Monduli, Longido na Simanjiro, nyie mmechungia jani hili porini miaka yote. Wazee wanaliitaje?