Kompaila inafuta mstari wangu wa kusahihisha jumla

Swali (Moshi)

Ndugu wanajukwaa, natunza programu ya C inayojumlisha kilo za kahawa zinazopimwa kwenye mizani ya chama chetu cha msingi. Namba ni za aina ya float (desimali zenye nafasi finyu ya tarakimu), na jumla ikishakuwa kubwa gramu huanza kupotea au kuzidi, hivyo nilitumia njia aliyoichapisha William Kahan mwaka 1965 (x ni uzito mpya, s ni jumla, c ni kosa linalobebwa hadi zamu inayofuata):

y = x - c;
t = s + y;
c = (t - s) - y;
s = t;

Nikiijenga kwa GCC (kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) na -O2 (kiwango cha kawaida cha kuharakisha), jumla inalingana na daftari la karani; nikitumia -Ofast (kiwango cha kasi zaidi), hailingani. Katika msimbo wa asembli (maagizo ya mashine yaliyotoka) nimekuta mistari ya kutoa imetoweka yote. Je, kompaila ina kasoro?

Jibu la 1 (Arusha)

Haina kasoro, ndugu yangu, umeipa ruhusa. -Ofast huwasha -ffast-math, na hapo kompaila huzichukulia namba za desimali kana kwamba zinafuata aljebra ya darasani, ambamo t ni s + y, kwa hiyo c ni sifuri siku zote na haina haja ya kukokotolewa.

Kwenye mashine mambo ni tofauti, kwa kuwa float ina biti 24 tu za tarakimu. Jumla ikifika kilo 131,072, kutoka namba moja hadi inayofuata ni zaidi ya gramu 15. Ukiongeza kilo 42.7, jumla hupanda kwa 42.703125, na c ndiyo inayoshika zile gramu 3 zilizozidi ili zitolewe katika zamu inayofuata. Bila ruhusa hiyo, GCC haiondoi hata x + 0.0, maana float hutofautisha sifuri hasi na chanya, na x ikiwa -0.0 jibu sahihi ni +0.0.

Weka ujumlishaji katika faili lake, ulijenge kwa -O2. Kagua pia kama unatumia isnan (inayouliza kama thamani si namba halali), kwani -ffast-math huweza kuufuta ukaguzi huo.

Jibu la 2 (Moshi)

Nakubaliana na maelezo hayo, ila kwa mali ya mkulima nisingetumia float kabisa. Soma maandishi yanayotoka kwenye mizani moja kwa moja kuwa gramu, 42.7 iwe 42700, ujumlishe kwa namba kamili za biti 64. Kompaila ikizipanga upya itakavyo, jibu ni lile lile.

Mwuliza swali

Nashukuruni sana. Nimetenga faili na jumla imelingana na daftari. Gramu kwa namba kamili nitaziingiza kabla msimu haujafunguliwa.