Naombeni ushauri: Nisomee misitu, au nimsikilize baba niende ualimu?

Kijana_wa_Kondoa: Wakuu, habari za jioni. Nimemaliza kidato cha sita, CBG (Kemia, Biolojia, Jiografia), daraja la pili. Moyo wangu uko kwenye misitu na hifadhi ya ardhi. Baba anataka ualimu. Anasema hawezi kuuza ng'ombe ili nikasomee kukimbizana na wachoma mkaa. Fomu ya chuo cha misitu Olmotonyi niliyoiprinti aliiweka chini ya sufuria ya mboga, ikalowa mchuzi wote. Je, kazi hii inalipa? Na niende Olmotonyi au niombe SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo?

Bwana_Miti: Niko halmashauri moja huku kanda ya kati, mwaka wa tisa sasa. Ukweli ni kwamba kazi kubwa ni vikao, miti utaiona kwa mbali. Wiki iliyopita nimekaa chini ya mbuyu saa nne nzima, wafugaji na wakulima wanagombea mpaka wa msitu wa kijiji, na ndama akanitafunia daftari la mahudhurio. Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi, lakini wa kukaa na maneno ya watu ni wewe. Kwa ufaulu wako omba shahada SUA. Olmotonyi iwe akiba, nao wako vizuri kwa vitendo. Ajira ni za kusubiri. Ukipata TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, ujue ni jeshi usu, kwata utapiga.

Chaki_Nyeupe: Ualimu nao ajira ziko wapi? Nina digrii ya elimu na naendesha bodaboda Area C, Dodoma mjini. Mwambie mzee aje nimpe lifti tuongee 😂

Babu_wa_Haubi: Mjukuu wangu, usimlaumu baba yako upesi. Mwaka 1979 HADO, ule mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, walipoondoa mifugo milima ya Irangi huku Kondoa, nilikuwa kijana kama wewe. Ng'ombe tukawapeleka kwa ndugu huko tambarare, wengine hatukuwaona tena. Mabwana ardhi tuliwachukia kweli. Lakini makorongo yalikuwa yanakula mashamba, na ng'ombe walipotoka majani yakashika, miti ikachipua yenyewe. Muulize baba ng'ombe wa babu yako waliishia wapi. Huenda fomu ililowa kwa sababu hiyo.

Mama_Chamwino: Mwanangu, usingoje chuo. Anza kisiki hai hapo shambani kwenu, yaani kukuza upya mti kutoka kisiki ambacho bado kinachipua: chagua machipukizi machache yaliyonyooka, mengine pogoa, funga kitambaa watu wajue yana mwenyewe, kisha linda. Mimi nilianza na kisiki cha mgunga ambacho mume wangu alitaka kukichoma moto. Sasa anapumzikia hapo na redio yake.

Kijana_wa_Kondoa: Shikamoo babu. Nimemuuliza. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema walikuwa 14, wakarudi watatu. Habari za ualimu hakuzigusa tena usiku ule. Mama Chamwino, machipukizi niache mangapi kwa kisiki kimoja?

Mama_Chamwino: Mawili, matatu. Na panga linoe kwanza, usiyachane maganda.